Papai la Bwana Mifugo

Kama mwaka ule wa tisini na tano ulipita Pasiansi, Mwanza, ukaambiwa Mama Selina anampiga mumewe kila asubuhi kabla ya uji, basi hukudanganywa. Makofi yalikuwepo. Majirani waliyahesabu. Ila waliokupa habari walikupa mkia wakaacha kichwa, na habari hii ukiishika mkia utamwonea mwanamke wa watu bure. Kichwa chake kiko kliniki, siku ya Jumanne, kwenye benchi la wagonjwa wa sukari.

Kwenye benchi hilo Mzee Luhaga alikuwa kama mgeni rasmi. Alifika wa kwanza, suruali ina mstari wa pasi, kofia yake ya pama ya bwana mifugo kaiweka magotini. Serikali ilikuwa imempunguza kazi pamoja na wenzake wengi, ikawapa barua na mkono wa kwaheri, lakini haikukumbuka kudai kofia wala sindano za ng'ombe. Kwa hiyo kesho yake aliamka akaendelea na kazi ileile, tofauti ni kwamba sasa analipwa na mwenye ng'ombe. Pasiansi wote wanamwita Daktari. Na ugonjwa hakuuficha. Alipoanza kukonda watu walikuwa wameshaanza kunong'ona juu ya ule ugonjwa mwingine, mnaujua, kwa hiyo siku aliyoambiwa ni sukari alitoka hospitalini anatabasamu. Sukari ni ugonjwa wa wakubwa, wanaugua wakurugenzi. Akawa anatembea na boksi tupu la dawa kwenye mfuko wa shati, maandishi ya Kizungu yameangalia nje.

Siku ya kwanza Sista Dorotea aliwagawia wagonjwa wapya chungwa moja moja na bomba la sindano lenye maji, wajifunze kuchoma. Mama mmoja alilia. Mzee Luhaga alichoma chungwa lake kwa mkono mmoja huku anaangalia pembeni, akachoma na la jirani, akamalizia kwa kulifundisha benchi zima namna ya kutoa hewa kwenye bomba. Sista akasema huyu baba hana haja ya darasa. Wengine akawaambia wasiogope, wakifika nyumbani wafanye mazoezi kwenye tunda lolote mpaka mkono uzoee, ndipo wahamie pajani. Katika maagizo yote ya siku ile, hilo moja Mzee Luhaga alilishika kuliko mtu yeyote.

Sasa ilikuwa Jumanne ya tano. Mkojo wake ulichemshwa na ile dawa ya bluu. Ukibaki bluu, safi. Ukiwa kijani, siyo mbaya sana. Wa kwake ukatoka rangi ya tofali, kama Jumanne ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Sista Dorotea aliitazama kadi kama mtu anayesoma barua ya mkopo. Walianza na yuniti kumi na mbili za insulini, daktari akapandisha kumi na nane, halafu ishirini na sita, halafu thelathini, na tofali liko palepale. Akamwuliza mzee, kwa adabu, kama kweli anajichoma kila siku.

"Kila siku, saa kumi na mbili na nusu, kabla ya uji," akasema Mzee Luhaga. "Sista, mimi nimechoma ng'ombe kuanzia Misungwi mpaka Magu. Utanifundisha sindano?"

Daktari wa kliniki akapandisha thelathini na sita, akagonga mhuri. Sista akamgeukia mke, Modesta, ambaye ndiye huyo Mama Selina, akamrudishia somo analowapa wake wote: siku ukimwona anatoka jasho, anatetemeka, anaongea upuuzi kama mlevi, ujue sukari imeshuka, mpe kitu kitamu upesi, usisubiri kuuliza mtu. Modesta akaitikia kwa kichwa. Akilini alikuwa anagawanya kichupa cha dawa kwa thelathini na sita, aone kitakaa siku ngapi.

Maana kichupa kilikuwa kinatoka kwenye karai lake. Modesta alikuwa anakaanga mapanki pale njia panda. Hakusoma sana lakini mzunguko wenyewe aliuona: sangara anakatwa minofu kiwandani, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, kinachobaki ni kichwa na mifupa, ndiyo mapanki, anayanunua yeye, anayakaanga, watu wa Mwanza wanakula, na hela ya mapanki inanunua kichupa kilichoshuka na ndege kutoka hukohuko minofu ilikokwenda. Samaki anaenda, dawa inarudi, katikati yuko yeye na moshi machoni.

Kichupa hicho alikilaza ndani ya mtungi wenye mchanga mbichi, chini ya kitanda, kama yai. Sukari ya nyumbani akaifungia kwenye sanduku la bati, ufunguo kwenye pindo la khanga. Halafu akapita nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba baba wa watu asipewe soda, asipewe chai ya sukari, hata akiomba. Kwa Ojwang, mtu wa Mara mwenye ng'ombe wengi wa maziwa kuliko wote pale, alikaa kabisa akaongea na mke wake, Roza, kwa sababu kule ndiko mume wake anakoshinda. Akasema hata akilia, usimpe. Roza akaapa.

Na binti yao Selina, aliyekuwa anasomea ualimu Butimba, alichora jedwali zuri ajabu kwa rula, akalibandika nyuma ya mlango: tarehe, saa, yuniti, na nafasi ya baba kuweka alama ya vema akishachoma. Kila asubuhi Mzee Luhaga alichukua kichupa na bomba, akaenda uani nyuma ya bafu, kwa sababu alisema mwanaume mzima hawezi kuvua suruali mchana kweupe mbele ya watu, akarudi, akaweka vema. Hakuruka hata siku moja. Selina alipokuja mwisho wa mwezi akalisahihisha kwa kalamu nyekundu, akaandika chini: Vizuri sana.

Mume akazidi kukonda. Mkanda uliisha matundu, akatoboa jipya kwa sindano ya ng'ombe.

Jumapili, wametoka kanisani, Modesta akaenda uani kuangua papai kwa ajili ya Selina. Mpapai wenyewe uko nyuma ya bafu. Akatazama juu kutafuta lililoanza njano, na macho yakakwama kwenye moja la kijani, kubwa, lililo usawa wa kifua cha mwanaume. Lilikuwa na matundu. Matundu madogo kama ya kushona nguo, na kila moja limetoa utomvu mweupe ukakauka. Halafu yalikuwa yamepangwa. Mstari wa kwanza matundu saba, wa pili saba, wa tatu saba, wa nne saba, wa tano matano.

Mdudu hapangi mistari. Modesta aliujua mkono huo. Miaka yote amemshikia kamba mume wake kwenye chanjo, anajua jinsi anavyopanga ng'ombe waliochanjwa huku na wasiochanjwa kule, anajua anavyochukia fujo. Akalichuma lile papai, akaliosha, akaliweka kwenye sahani katikati ya meza, akalifunika na sahani nyingine, akamwita mume wake chakula.

Mzee Luhaga alinawa, akaomba sala, akafunua.

"Baba Selina," mke wake akasema, "mgonjwa wako huyu hapa. Mbona hanenepi?"

Selina alikwenda mlangoni akasimama karibu na jedwali lake lenye Vizuri sana, akajiziba mdomo kwa khanga mpaka machozi yakamtoka. Baba yake alilitazama papai muda mrefu. Mwisho akasema hayo yalikuwa mazoezi. Sista mwenyewe ndiye aliyesema tunda lolote, mpaka mkono uzoee.

"Na mkono umezoea?"

"Mkono umezoea. Paja ndiyo bado."

Sasa we fikiria. Wiki nne na siku tano, dawa ya kutoka Ulaya, ya hela ya mapanki, imelazwa kwenye mtungi kama yai, imeingia yote kwenye papai. Modesta alikuwa na maneno mengi sana ya kusema, na aliyasema, na mengine ni ya Kisukuma hayaandikiki. Akamaliza. Mume wake alikuwa anazungusha kofia.

"Nimechoma mifugo yote hiyo," akasema taratibu, "sikuwahi kujua. Ng'ombe haoni sindano inakuja, Modesta. Mimi naiona."

Akaomba kitu kimoja tu: Ojwang asijue. Ojwang wala mwenye ng'ombe yeyote. Nani atampa ng'ombe wake achomwe na daktari anayeogopa sindano. Ukiiangalia vizuri, kazi ndiyo iliyokuwa imebaki. Serikali ilishachukua mengine yote. Modesta akaahidi. Na mume akaahidi kwamba kesho atakubali mke wake amchome.

Kesho yake Modesta alimchoma. Alivuta thelathini na sita kama kadi ilivyosema, na kadi ilikuwa na mhuri. Hakuna aliyefikiri, wala yeye, wala Selina na ualimu wake, kwamba thelathini na sita ilikuwa dozi ya papai. Mzee Luhaga alipoiona ncha inashuka alirusha mguu, sindano ikaingia kwa vita, akatoa sauti iliyofika barabarani. Jirani wa ukuta mmoja, Getruda, akauliza kuna nini huko. Akajibiwa mzee kakanyaga msumari. Halafu mzee akanuna. Akakataa uji, akavaa kofia, akaenda zake kazini na tumbo tupu.

Ilipofika kama saa nne alikuwa zizini kwa Ojwang, anawaonyesha vijana wa pale kazi, kama anavyopenda. Maneno yake yalikuwa yaleyale siku zote. Ng'ombe usimjie na sindano tu, atakupiga teke. Mpige kofi. La kwanza anashtuka. La pili anazoea. La tatu liwe na sindano ndani yake, hatajua. Alikuwa anayasema hayo vizuri kabisa, halafu katikati akaanza kutoka jasho. Shati likalowa. Mkono ukawa unatetemeka mpaka bomba likaanguka. Akamtazama ng'ombe usoni, akavua kofia, akamwita Mheshimiwa Mkurugenzi, akamwuliza kwa heshima zote kiinua mgongo chake kitatoka lini.

Ojwang alicheka. Akamwambia Daktari, leo umeanza mapema. Vijana wakacheka. Ng'ombe hakutoa jibu, na Mzee Luhaga akakasirika, akasema hata nyinyi mkiulizwa mnatafuna tu, akakaa chini kwenye mavi na suruali yake ya pasi. Hapo Ojwang akaacha kucheka, akatuma mtu njia panda.

Modesta alifika mbio, mikono ina mafuta. Alimwangalia mara moja tu. Jasho, kutetemeka, upuuzi. Akamwambia Roza alete soda.

Roza alikuwa amesimama mlangoni, kreti la soda liko nyuma yake, na hakutikisika.

"Mama Selina, wewe mwenyewe ulisema hapahapa. Ulisema hata akilia."

"Nilisema. Lete."

"Akifa nitaambiwa mimi ndiye niliyempa."

"Asipopata atakufa, na nitasema ni wewe uliyemnyima. Chagua."

Roza bado anachagua, Modesta kampita, kachukua chupa ya soda ya chungwa, kaifungua kwa meno, kaenda kupiga magoti kwenye mavi, kamshika mume wake kichwa kama mtoto. Nusu ilimwagika kwenye shati, ikalowesha lile boksi la maandishi ya Kizungu. Nusu iliingia. Akafungua ya pili. Watu kumi na kitu walikuwa wamekusanyika, wote walioambiwa wasimpe soda, wanamtazama mwanamke aliyewakataza anavyomnywesha kwa nguvu. Baada ya kama robo saa hivi, Mzee Luhaga akafumba macho, akafumbua, akamwuliza mke wake kwa sauti yake ya kawaida kwa nini amekaa hapo.

Modesta akawaambia watu dawa ilikuwa nyingi. Hakusema zaidi. Ojwang akasikitika, akasema hiyo dawa basi ni kali kweli, na Daktari huwa anajichoma mwenyewe kila siku, ni mwanaume.

Kliniki ilibidi Modesta aseme. Alisema macho yake yako sakafuni. Sista Dorotea alisikiliza, akageuza kadi, akajumlisha nyuma yake kwa kalamu, akamwambia Mzee Luhaga kwamba papai lake limetumia yuniti mia saba themanini na mbili. Akaomba radhi kidogo, akaingia chumba cha dawa, akafunga mlango. Benchi lote lilimsikia anacheka. Aliporudi uso ulikuwa umenyooka. Daktari wa kliniki akairudisha dozi kumi na mbili, ileile ya mwanzo. Sista akasema kwa upole, sasa bila utani, kwamba baba, mwili wako umeshaanza kujila wenyewe. Bila hii sindano hatuufungi mwaka na wewe.

Mzee Luhaga akajibu amesikia. Nyumbani akakataa.

Sasa alikuwa na sababu, ndiyo ubaya wenyewe. Siku zote hakuchomwa, alikonda tu. Kachomwa mara moja, akaongea na ng'ombe hadharani. Alisema hivyo kila Modesta aliposogea na bomba. Hata kwenye papai hakwenda tena. Jedwali la Selina likakaa na nafasi tupu, moja, mbili, mpaka tano. Ndoo ya maji ya kunywa ikawa inaisha kabla ya mchana, na alipokojoa uani sisimizi walikuwa wanafika kabla hajafunga zipu. Siku ya sita alikwenda kwa Ojwang akashindwa kusoma kilichoandikwa kwenye chupa ya dawa ya ng'ombe, maandishi yamekuwa ukungu. Akasingizia jua, akarudi. Siku ya saba hakuamka kwenda popote. Alilala ubavu, midomo imepasuka, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyooza, na Modesta alipomgusa mguu akaona mfupa.

Karai siku hiyo halikuwashwa moto. Alikaa jikoni kwenye kigoda, kumepambazuka, akilia kimya kimya kwa hasira. Kufiwa na mtu kwa ugonjwa usio na dawa ni jambo moja. Huyu dawa yake iko chini ya kitanda chake.

Halafu akaacha kulia, maana alikumbuka kitu, na alikuwa amekijua miaka ishirini.

Akavingirisha kichupa viganjani, akavuta kumi na mbili, akatoa hewa. Bomba akalificha kwenye kiganja, sindano imetokeza katikati ya vidole, kama alivyoona likishikwa zizini. Akaingia chumbani. Akaichukua ile kofia ya pama ukutani, akaiweka juu ya uso wa mume wake.

"Unafanya nini?" kofia ikauliza.

Alifunua shuka, akampiga kofi la paja, pa. Mzee Luhaga akaruka. Alimwita jina lake lote, Modesta binti fulani wa fulani. Akapiga la pili, pa. Hili hakuruka, ila alianza kulalamika: kwamba katika ukoo wao hakuna mwanamke aliyewahi, kwamba baba yake angekuwa hai, kwamba ng'ombe kumi na wawili walitoka kwa ajili ya huyu mtu. Alikuwa amefika kwa ng'ombe wa nane hivi, akawataja na rangi zao. Modesta alimsubiri amalize.

"Haya," akasema toka chini ya kofia, "kama unachoma choma, yaishe."

"Nimeshachoma."

"Lini?"

Akakiinua kiganja. Mzee Luhaga alisogeza kofia kwa kidole kimoja, akatazama bomba tupu, akatazama paja lake, akairudisha kofia usoni. Kofia ikawa inatikisika. Kama alikuwa anacheka au analia Modesta hakuuliza, alikwenda kupika uji, na safari hii alisimama pale mpaka bakuli likaisha.

Jumanne iliyofuata mkojo ulikuwa njano. Jumanne ya pili yake, kijani. Tundu alilotoboa kwenye mkanda likawa halitumiki tena. Jedwali likajaa vema, ila sasa zilikuwa za mwandiko wa Modesta, zimelala upande kama nyasi. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu: kofia usoni, pa, pa, halafu kimya.

Na ukuta ule ulikuwa mwembamba, na upande wa pili alikuwa Getruda.

Getruda alivumilia wiki mbili, hapo amejitahidi sana. Baada ya hapo kituo cha maji kikajua, soko likajua, mpaka Igogo kuna watu walijua, na kila alipoifikisha habari aliipunguzia kidogo uzito wake kwa kusema yeye siyo mtu wa maneno. Wanaume walianza kumwangalia Mzee Luhaga kwa huruma. Wanawake wakanunua mapanki kwa Modesta kwa wingi kuliko zamani, wanamwangalia mikono. Mwisho balozi wa nyumba kumi, Mzee Chenge, aliona ni aibu kwa nyumba zake zote kumi, akawaita barazani kwake Jumamosi mchana, mke na mume, na majirani wenye nafasi. Siku hiyo kila mtu alikuwa na nafasi. Ojwang alikuja na Roza, wakakaa viti vya mbele.

Getruda alitoa ushahidi. Makofi, kila siku, kabla ya uji, na baba wa watu hasikiki akirudisha hata neno. Mzee Chenge akamwuliza Modesta kama ni kweli. Modesta alinyamaza. Alikuwa ameahidi. Angeweza kusema neno moja tu na aibu yote ingehama kutoka kichwani kwake. Badala yake alifuta mafuta ya karai mikononi, na watu wakasema mnaona, kiburi.

Ikabaki kwa Mzee Luhaga. Aliinuka na kofia mkononi. Amenenepa, shavu limerudi, suruali ina mstari. Alimtazama Ojwang pale mbele, na Ojwang akainamisha macho kwa kumwonea haya. Akamtazama mke wake.

"Ni kweli, balozi," akasema. "Ananipiga."

Baraza likaguna. Mzee Chenge akauliza kwa kosa gani.

"Makosa yangu ni mengi."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akaomba maji. Mzee Chenge akagonga meza, akasema hili siyo jambo la kucheka, leo ni Luhaga, kesho ni nani. Akafungua daftari lake. Akasema anaandika amri: kuanzia kesho Mama Selina aache kabisa, akirudia atatozwa faini.

Mzee Luhaga hakuwa amekaa bado.

"Hapana," akasema upesi mno. "Asiache."

Kikapasuka kicheko ambacho barazani pale wanakikumbuka mpaka leo. Mzee wa watu, bwana mifugo mzima, anaomba mbele ya nyumba kumi mke wake aendelee kumpiga. Alisimama katikati ya kicheko hicho kama mtu aliyesimama kwenye mvua. Mzee Chenge alifuta alichoandika. Akamwuliza, kwa uchovu, huwa ni makofi mangapi.

"Mawili."

"Siyo matatu?"

"La tatu," akasema Mzee Luhaga, "silisikii."

Ikaandikwa daftarini kwamba mke aruhusiwe makofi mawili kwa siku, asizidishe, na shauri likafungwa. Modesta alitoka wa kwanza, khanga kaivuta mpaka machoni, mabega yanamtetemeka, na Getruda akawaambia watu angalau amejuta.

Jioni hiyo Mzee Luhaga alikuwa na ng'ombe mmoja wa kumchoma kwa Ojwang, mwenye homa. Walikwenda yeye na Ojwang. Njiani Ojwang alisema pole, Daktari, mara mbili. Zizini akashika kamba mwenyewe, vijana amewafukuza ili mwenzake asichekwe. Mzee Luhaga akaweka sindano katikati ya vidole. Akampiga ng'ombe kofi, pa, ng'ombe akashtuka. Akampiga la pili, pa. La tatu likaenda kimya, na ng'ombe akaendelea kutafuna.

Ojwang alikuwa anaitazama ile kamba. Halafu akautazama ule mkono. Halafu akamtazama Mzee Luhaga, na akakaa anamtazama mpaka yule akashindwa, akaanza kufuta bomba ambalo lilikuwa safi.

"Kesho kuna wale wawili wa chanjo," Ojwang akasema. "Njoo mapema, ukishamaliza ya nyumbani."

Akageukia mlangoni, akamwambia Roza amletee Daktari chai, isiwe na sukari.